Meza ya Usajili, Homa Bay

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba sita juu ya duka la mabati. Ngazi zilikuwa za chuma, za nje, na kila aliyepanda nilimsikia kabla sijamwona. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kuketi kwenye meza ya kwanza pale mlangoni, kuwapokea waliopanda, na kuhakikisha hawashuki kabla ya kujaza fomu.

Sikuiomba kazi hiyo. Nilikuwa nimesoma palepale, stashahada ya uhasibu, ambayo niliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha na sikutaka kuonekana sijui ninachotaka. Mama yangu huuza omena, dagaa wa ziwani, Kendu Bay. Muhula wa kwanza aliulipa kwa zamu yake ya kupokea mchango wa chama. Wa pili kanisa lilituchangia. Kuanzia wa tatu tulilipa kwa ahadi. Nilipofaulu mtihani wa mwisho, cheti changu kilikuja kutoka Nairobi kikafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini mwa mkurugenzi, kwa sababu ya karo niliyodaiwa.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole. Sijawahi kumsikia akimpigia mtu kelele. Aliniita, akanipa kiti, akasema, "Binti yangu, cheti hiki kikikaa humu hakinisaidii mimi wala wewe. Keti mapokezi. Kila mwanafunzi utakayemwandikisha, nakupunguzia deni."

Nauli na chakula cha mchana vilikuwa juu yake. Kozi za afya zilinipunguzia mara mbili ya nyingine, kwa sababu karo yake ilikuwa mara mbili. Nilikubali siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi saba nikiosha masufuria ya mama, na nilikuwa tayari kukubali lolote lililokuwa na meza.

Basi nikajifunza kuwatambua watu kwa hatua zao. Wazazi walipanda polepole, wakisimama katikati kupumua. Vijana waliomaliza shule walipanda mbio kisha wakasita mlangoni. Wengi walikuwa wamekosa alama za chuo kikuu. Wengine walikuwa wamepewa nafasi na serikali, lakini huko mbali, na nauli ya kwenda na kodi ya chumba vikawashinda, wakaona heri walipe zaidi karibu na nyumbani. Walikuja pia watu wazima. Mwanamke mmoja alikuwa amefundisha chekechea miaka tisa bila karatasi yoyote, na sasa ameambiwa alete cheti au aondoke. Bawabu mmoja wa benki alikuja na sare yake kabla ya zamu, akauliza kama kompyuta inaweza kujifunzwa na mtu wa miaka hamsini na mbili.

Waliuliza kuhusu sare. Waliuliza kama siku ya kuhitimu kuna joho. Wachache sana waliniuliza mtihani unatungwa na nani, au ni nani anayekitambua cheti chetu nje ya zile ngazi.

Asiye na pesa taslimu alileta mahindi au maharagwe, na mkurugenzi aliyapokea kama sehemu ya karo kwa sababu jikoni kulipikwa githeri kila siku. Kwa hiyo nyuma ya kiti changu palikuwa na magunia mawili matatu wakati wote, na dumuzi walitembea juu ya fomu nilizokuwa nikiandika.

Mama na binti wa Lambwe walikuja mwezi wa tano, siku ya Jumatatu. Mama alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, na viatu vyake vya raba vilikuwa vimefuliwa vikawa vyeupe kabisa. Mumewe alikuwa mkata miwa upande wa Migori, alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, akirudi. Yeye mwenyewe alilima mahindi na alizeti. Tulizungumza kwa Dholuo kwanza, kisha alipofika kwenye mambo ya karo akahamia Kiswahili, kama watu wetu wanavyofanya wakiona jambo limekuwa la ofisi.

"Nataka awe daktari," alisema. Akatazama cheti cha shule cha bintiye, kilichokuwa na D plasi, akajirekebisha. "Au nesi. Mtu wa hospitali tu. Kwetu ukifika zahanati unaambiwa mhudumu ameenda semina."

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amekaa akisoma bango la kozi zetu ukutani. Akauliza, "Madam, hiyo ya umeme inafundishwa hapa?"

Ilikuwepo, kwa namna fulani. Mwalimu wake alikuja siku mbili kwa wiki. Karo yake ilikuwa ndogo.

Mama akacheka. "Umeme? Upande nguzo na sketi? Nyara, binti yangu, acha mzaha." Kisha akanigeukia. "Hii ya huduma za afya. Akimaliza, hospitali itamchukua?"

Nilijua jibu. Mwezi wa pili wahitimu wetu wawili walikuwa wamerudi kuniambia kwamba walipopeleka vyeti vyao kuomba kazi, waliambiwa kozi hiyo haijulikani na wanaowapa wahudumu wa afya leseni. Niliandika malalamiko yao kwenye karatasi nikaiweka mbele ya mkurugenzi. Alisema barua ya kuitambua kozi iko njiani. Nilimwamini kiasi cha kuweza kulala.

Nikamwambia yule mama, "Watu wa afya wanahitajika kila mahali."

Ilikuwa kweli. Niliichagua sentensi hiyo kwa sababu ilikuwa kweli.

"Ero kamano," akanishukuru. Akatoa pesa kwenye pakiti ya sukari iliyokunjwa mara nyingi. Alikuwa ameuza mmoja wa ng'ombe wake wawili wa kulima. Alinieleza hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya nauli. Niliandika risiti, nikampa binti kalamu yenye jina la chuo, na jioni mkurugenzi akakata deni langu kwa wino mwekundu mbele ya macho yangu.

Yule binti alikuwa mwanafunzi mzuri. Walipofundishwa kupima presha alitupima sote, kuanzia mpishi hadi mkurugenzi. Mimi aliniambia presha yangu iko chini. "Unakunywa maji kweli, madam? Ama ni chai tu?" Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko pamoja na wasichana wawili wa kozi ya ususi, na asubuhi nyingine alikuja na nywele zilizosukwa nusu, kwa kuwa wenzake walikuwa wamemfanyia mazoezi usingizi ukawazidi.

Mama yake alituma pesa kwa simu, vipande vipande. Vipande havikutosha. Kila kipindi cha mitihani ilikuwa kazi yangu kuingia darasani na kusoma orodha ya waliodaiwa, na waliosomwa walitoka. Mara ya kwanza nilisoma haraka nikitazama karatasi. Kufikia mara ya tatu niliweza kusoma huku nikiwaangalia machoni, na jambo hilo lilinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Alipolisikia jina lake yule binti alisimama, akakusanya vitabu, akasema, "Sawa, madam." Siku ya pili mama alipanda ngazi na gunia la maharagwe begani. Siku ya tatu binti alirudi darasani.

Mwaka ulipoisha ukafika wakati wa mazoezi kazini, miezi mitatu ambayo kila mwanafunzi wa afya hukaa hospitalini kabla ya kupewa cheti. Barua za kuwaombea nafasi nilizichapa mimi. Nilizigonga muhuri, nikawagawia, wakashuka nazo wakiwa na makoti yao meupe mapya kwenye mifuko ya plastiki. Baadhi walirudi kusema wamekataliwa. Mkurugenzi akawaambia wajaribu zahanati za watu binafsi huko vijijini, na wengine wakapata. Yule wa Lambwe hakurudi kusema chochote, nami nikadhani amefaulu. Nilitaka kudhani hivyo.

Mwezi wa tatu wa mazoezi, Alhamisi moja kabla ya saa sita, nilisikia mtu akipanda ngazi kwa haraka. Alikuwa yule mama. Alikuwa na kikapu mkononi na uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Nikamwambia yuko mazoezini, hospitali.

"Natoka hospitali."

Alikuwa ameamka alfajiri akampikia bintiye kuku, akasafiri na kuku huyo kikapuni ili amshtue kazini kwake. Alitaka tu kumwona akiwa na koti lile. Alizunguka wodi baada ya wodi. Mwishowe nesi mmoja alimhurumia, akafungua kitabu cha wanafunzi, akatafuta jina, akalikosa. Alimwuliza binti anasoma chuo gani. Alipotajiwa alifunga kitabu, akasema kwa upole, "Mama, wa kutoka huko huwa hatuwapokei."

Nilimpigia binti simu. Iliita mpaka ikakatika. Ndipo mmoja wa wale wasichana wa ususi waliokaa naye akatoka darasani, mikono imejaa povu la shampuu, akatutazama na kuinamisha kichwa. "Yuko huko chini kwa barafu," akasema. "Lakini msimwambie ni mimi."

Kwa barafu ni kibanda kikubwa karibu na ziwa, ambapo wachuuzi huleta samaki kupimwa na kununua barafu ya kuwasafirishia. Tulishuka kwa miguu. Nilimbebea yule mama kikapu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu.

Tulimkuta amesimama kando ya mizani. Amevaa gambuti, na koti lake jeupe, kwa sababu mwenye kibanda alitaka wanaopima samaki wavae koti na la kwake alikuwa nalo tayari. Mbuta mkubwa alikuwa kwenye mizani. Binti alimwona mama yake, akamaliza kuandika uzito, ndipo akaweka kalamu chini.

"Mama."

"Hii ndiyo hospitali?"

"Sio hospitali."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili. Walinikataa, mama. Nilienda hospitali tatu. Wanasema karatasi yetu haijulikani."

"Na kwa simu ulikuwa unaniambia umeshika watoto wachanga."

Binti akafuta mikono kwenye koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeuza yule ng'ombe mwingine."

Wachuuzi waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutazama kando. Mama aliitazama ile mizani. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Nilijua," nikasema.

Nilingoja anitukane. Ningeona nafuu. Lakini yeye aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa, akavuta kikapu, akafungua bakuli. Alikuwa amechoka. Alionekana kama mtu aliyelima tangu alfajiri akagundua amelima shamba la jirani. "Osheni mikono, mle," akasema. "Kuku amepoa lakini hajaharibika." Binti alikula akiwa amesimama. Mimi pia nilipewa kipande, paja, sehemu ya mgeni. Nilikila, maana kukataa chakula chake kungekuwa kosa la pili, na moja lilitosha.

Baada ya hapo mama alipanda kwa mkurugenzi. Niliingia naye. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, akamwambia karo ikishaingia hairudi, maana imeshalipa walimu. Akafungua droo akamwonyesha barua ya mwenye nyumba iliyotishia kutufungia milango. Hakuwa anadanganya. Niliiona barua hiyo na mingine mitatu iliyokuwa chini yake. Akasema anachoweza kufanya ni kumhamishia binti kozi nyingine bila ada ya usajili.

Mama akafikiri. "Ile ya umeme?"

Mkurugenzi akanitazama. Ikabidi niseme mimi. Mwalimu wa umeme aliacha kazi mwezi wa pili, na hatukuwa tumepata mwingine.

Mama akasimama, akajifunga leso vizuri. "Basi," akasema. Nilimsikia akishuka, ngazi moja moja, hadi akafika chini.

Msimu uliofuata alilima kwa shida. Yule ng'ombe aliyebaki hakuwa na wa kufungwa naye, na ng'ombe mmoja havuti plau, kwa hiyo alishirikiana na jirani mwenye ng'ombe mmoja pia, na jirani ndiye aliyetangulia kulimiwa. Zamu yake ilipofika mvua ilikuwa imetangulia, na mbegu zikachelewa. Haya nilielezwa na binti. Alinijibu kwa sababu nilimwuliza, kwa ujumbe mfupi, bila salamu.

Binti mwenyewe alibaki kwa barafu. Mashine za pale ziliharibika kila baada ya majuma mawili, na fundi aliyekuja kuzitengeneza alizoea kumwachia ashike taa, kisha spana, kisha nyaya. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi cha serikali kusomea mashine za barafu na majokofu. Alilipa mwanzo kwa akiba yake, na baadaye akapata mkopo wa wanafunzi. Mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa mwaka wa pili, na wikendi alirudi kupima samaki. Mama yake alikuwa bado anawaambia majirani kwamba binti anasoma hospitali, kwa kuwa alishachoka kueleza.

Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi siku ile ya kuku. Sikuacha. Nilikaa miezi minne zaidi. Waliotaka kozi ya afya niliwaambia kwa sauti ya chini waende wakaulize kwanza hospitalini, na wengi hawakurudi. Mkurugenzi aliona hesabu zimepungua. Hakuniuliza kitu, ila alianza kuketi karibu na mlango wake ulio wazi. Mwishowe mama yangu alipata zamu yake ya chama tena, akanipa yote, nikalimaliza deni. Kabati likafunguliwa. Jina langu kwenye cheti lilikuwa limekosewa herufi moja, na kulisahihisha kulihitaji kiapo, ada na safari ya Nairobi. Nilikikunja nikaondoka nacho hivyohivyo. Mkurugenzi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea.

Siku hizi niko Migori mjini, kwenye duka la kompyuta la shangazi yangu. Tunachapisha, tunatoa nakala, tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Kwa hiyo niko bado kwenye kazi ileile, isipokuwa sasa hakuna anayenikatia deni, na ninaweza kuwauliza watu maswali. Nauliza mtihani unatungwa na nani. Nauliza kama wamekwenda kukiona chuo chenyewe. Nawaonyesha cha serikali kilicho karibu na karo yake. Wengine hushukuru. Wengine hunitazama kama mtu anayewachelewesha, na shangazi amenikanya mara mbili kwamba nafukuza wateja.

Juzi alikuja mwanamume wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amechimba dhahabu miaka minane, na mikono yake ilikuwa imepasuka kiasi kwamba kisoma alama za vidole cha simu yake hakikumtambua. Alitaka nimjazie fomu ya stashahada ya usimamizi wa biashara, chuo cha mtu binafsi, karo ya kutisha. Nilimweleza yote. Nilimweleza kwa robo saa nzima, hadi foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Dada, nimekusikia," akasema. "Hiyo ya serikali inaanza lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Hii inaanza Jumatatu. Pesa ninayo leo. Mwezi wa tisa sitakuwa nayo. Kule machimboni pesa haikai, kuna wagonjwa, kuna matanga, kuna ndugu." Akatabasamu kidogo. "Na mimi nimechoka kuitwa mtu wa shimo. Jaza tu."

Nikajaza, ukurasa baada ya ukurasa, kazi ya baba, idadi ya ndugu, nani atalipa karo. Hapo kwenye nani atalipa karo aliniambia niandike, "Mwenyewe."

Tulipomaliza aliuliza kama siku ya kwanza watu huvaa tai. Nikamwambia shati safi linatosha. Akalipa pesa ya kuchapisha, akaikunja fomu polepole kwa vidole vyake vile, akatoka, na mwingine akavuta kiti.